Mashine Yenye Homa na Laini ya Korbesa

Mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kazini, na tangu asubuhi nimekaa na kalamu nikijiuliza kama kweli nilijifunza. Keki ya kuniaga ilikuwa tamu, hotuba zilikuwa ndefu, na nusu ya mliyosema kunihusu ilikuwa uongo wa heshima. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana havimfundishi mtu kitu. Nitaandika mambo mawili matatu niliyoyaelewa, halafu moja ambalo mpaka leo linanichanganya, ingawa ndilo lililokaribia kuniondoa kazini nikiwa na aibu badala ya keki.

Nilianzia kwenye chumba cha simu hapa Isiolo, nikiwa msichana wa mtaa wa Wabera ambaye hakuwahi kuweka simu sikioni. Mbele yangu kulikuwa na ubao wenye matundu mengi, na juu ya kila tundu kifuniko kidogo cha chuma. Mtu akipiga simu, kifuniko chake kinaanguka, tak, na kengele inalia. Unaweka chai chini, unachomeka waya, unauliza, "Namba gani?" Asipopiga mtu, unakaa. Siku ya kwanza niliunganisha karani wa mifugo na muuza miraa, na wakazungumza dakika nzima kila mmoja akidhani mwenzake amelewa. Lakini kazi yenyewe niliielewa upesi. Ukiitwa, itika. Usipoitwa, kunywa chai yako.

Aliyenifundisha ni fundi Mutwiri, Mmeru mfupi, mkali, aliyevaa sweta ya sufu hata jua la Isiolo likiwaka. Chombo chake kikuu hakikuwa ndani ya sanduku la vifaa. Kilikuwa mgongo wa mkono wake. Kabla hajafungua mashine yoyote aliuweka mgongo wa mkono kwenye bati, kama mama anayempima mtoto homa, akafumba macho kidogo, ndipo akachukua bisibisi.

"Talaso," aliniambia wiki ile ya kwanza, "mashine iko na kazi inapata moto. Mashine haina kazi inapoa. Ukipata moja haina kazi na iko moto, jua kuna mtu anaikula."

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikaacha.

Miaka ilikwenda. Ubao wa matundu uliondolewa, Mutwiri akarudi kwao kulima, nami nikahamia kwenye kampuni hii yetu ndogo ya intaneti, ile mnayoijua, yenye ofisi juu ya duka la mitungi ya gesi. Nilijifunza kubana nyaya, kuelekeza dishi za minara, na kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Mkono wa Mutwiri nilikwenda nao kila mahali. Wengine mlinicheka. Mnakumbuka basi mnara wa Ngaremara, uliokuwa ukizimika kila siku alasiri? Mafundi wawili walibadilisha betri, wa tatu akabadilisha redio, na bado ukazimika. Nilikwenda asubuhi, nikaweka mgongo wa mkono kwenye kile kisanduku kinachogeuza umeme wa sola. Mzigo wa redio ni mdogo mno, lakini kisanduku kilikuwa kinaunguza. Nikafuata nyaya nyuma ya ukuta, nikakuta waya mwembamba umepita chini ya mchanga hadi kwenye kibanda cha kando ya barabara, ambako mama mmoja mchangamfu alikuwa akichaji simu za nusu ya wachungaji wa eneo lile.

"Nilidhani ni ya serikali," aliniambia, bila wasiwasi wowote.

Kuna mtu alikuwa akiila mashine. Tangu siku ile nilimwamini Mutwiri kama ninavyoamini kwamba kiangazi kitakuja. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Sasa nije kwenye laini ya Korbesa. Zahanati ya kule ina nesi mmoja, Sista Darmi. Kila Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, hukaa mbele ya kamera na wagonjwa wake, na daktari wa hapa mjini huwatazama kwenye skrini na kumwambia la kufanya. Picha ikifika vizuri, mgonjwa anarudi nyumbani kwa miguu. Picha isipofika, Sista hawezi kubahatisha, kwa hiyo mgonjwa anapandishwa lori la mifugo hadi Isiolo, siku nzima ya vumbi na mashimo, hata kama alichohitaji ni kuambiwa tu kwamba kidonda kinapona.

Na picha haikuwa ikifika. Saa nne ndiyo saa ambayo ofisi zote za mji, shule na vibanda vya intaneti huwa vimeamka. Sauti ya Sista ilikatika vipande vipande, na daktari, badala ya mguu wa mtu, aliona miraba ya rangi. Nilipanda minara yote mitatu ya njia ile. Nilibadilisha dishi. Nilimpigia Sista kila wiki kumwambia tunashughulikia, hadi siku moja akanijibu kwa upole kabisa, "Mama Talaso, hiyo neno tunashughulikia, usiniambie tena. Niambie kitu ingine."

Ndipo akaja Nkatha. Ninyi mnamjua, lakini wanaokuja baadaye wajue: mhandisi kutoka Meru, aliyechukuliwa kwa miezi sita ya majaribio, msichana wa maneno machache na vidole vya haraka. Wiki yake ya pili aliniambia shida haiko njiani. Iko hapa ofisini, kwenye ile kompyuta kuukuu ya kijivu inayopokea mawasiliano ya mji mzima na kuyagawa. Inatumia Linux, ule mfumo wa bure ambao yeyote anaweza kuufungua na kuona ulivyoshonwa.

Alijua historia yangu, akanifafanulia kwa lugha ya ubao wa simu. Kinachokuja kwenye waya kimekatwa vipande vidogo, pakiti. Katikati ya mfumo kuna msimamizi mkuu, kerneli. Kila pakiti ikifika, ni kama kifuniko kimeanguka na kengele imelia. Kerneli inaacha inachofanya, inaipokea, inaikagua, inaiandika, inaipitisha. Asubuhi vifuniko vinaanguka maelfu kwa maelfu, na kerneli inashinda ikiruka kuitikia kengele hata haipati nafasi ya kuunganisha waya. Pakiti zinazokosa mtu wa kuzipokea zinatupwa. Humo ndimo ulimopotelea mguu wa mgonjwa wa Korbesa.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza.

"Natoa kengele, Madam. Nanyang'anya kerneli hiyo kadi ya mtandao, pale waya inaingia, napatia programu ya kawaida, iko pale nje kama programu zingine. Hiyo haingojei kuitwa. Inakaa inaangalia kadi yenyewe. Inaangalia, inaangalia, ikipata pakiti inachukua rundo mzima inapeleka."

"Na kama hakuna pakiti?"

"Inaangalia tu."

"Siku nzima? Hata kama hakuna mtu amepiga?"

"Eeh. Haipumziki."

"Huyo si mfanyakazi, Nkatha. Huyo amerukwa na akili."

Alicheka. "Lakini ni haraka, Madam. Haraka sana."

"Na kerneli itasema nini ikinyang'anywa?"

"Haitasema. Haitajua hata hiyo kadi iko. Haitaiona kabisa."

Nikamwitikia kwa kichwa. Nawaambieni ukweli, niliitikia kwa sababu nilikuwa na miaka mingi kazini na yeye alikuwa na wiki mbili. Kichwani mwangu mlikuwa na ukungu mtupu. Msimamizi mkuu asiyejua mlango wake mwenyewe uko wapi? Na mtu asiye na cheo mlangoni, anayekodoa macho mchana kutwa, ndiye mwenye haraka? Ningemwambia arudie. Sikumwambia.

Aliisimika Jumapili. Jumanne saa nne nilikaa karibu na simu nikiwa nimejiandaa kuomba radhi kama kawaida. Saa sita Sista Darmi akapiga mwenyewe, na sikumtambua kwa sababu alikuwa anacheka. "Daktari ameona mpaka kucha," alisema. "Mpaka kucha, Mama Talaso! Wagonjwa wote saba wamerudi nyumbani na miguu yao." Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, sioni haya kuandika. Nilichokitafuta juu ya minara mitatu kilipatikana kwenye kona ya ofisi.

Alhamisi Nkatha alipanda mnara wa Ngaremara, na mimi nikabaki ofisini. Saa nne na kitu nilipita karibu na ile mashine ya kijivu, na bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna, nikaweka mgongo wa mkono kwenye bati.

Ilikuwa moto. Si moto wa kazi ya kawaida. Moto wa kisanduku cha Ngaremara.

Nikakaa kwenye kibodi. Nikaiuliza mashine inatumia nguvu kiasi gani, ikaniambia kuna programu moja inakula asilimia mia, haishuki hata moja. Nikatoa chombo changu cha kuchungulia pakiti, kilichonitumikia miaka na miaka, ili nione ni kazi gani kubwa hiyo inayopita. Hakuna. Sikuona hata pakiti moja. Nikaiomba inipe orodha ya kadi zake za mtandao. Kadi kubwa, ile ya njia ya nje, haikuwemo.

Mashine haina kazi, iko moto. Kadi imepotea. Programu nisiyoijua jina inakula kila kitu. Mtu ameingia, nikajiambia. Mtu anatula.

Nakiri kwamba simu za ofisi zilikuwa kimya, na kimya hicho kingenifumbua macho. Kama kweli hakuna pakiti iliyokuwa ikipita, mji mzima ungekuwa umeshanipigia kelele. Na Nkatha alikwisha kuniambia kerneli haitaiona kadi. Ila sikujua kwamba vyombo vyangu vyote, kuanzia orodha hadi kile cha kuchungulia, vilikuwa vikitazama kwa macho ya kerneli. Kerneli ilikuwa imepofushwa, nami nikapofuka pamoja nayo. Niliandika amri ya kuiua ile programu, nikabonyeza.

Ndipo simu zikaanza kulia zote.

Nilimpigia Nkatha, lakini aliye juu ya mnara hashiki simu. Nilijaribu kuirudisha kadi kwa kila amri niliyoijua. Kila mara mashine ilinijibu kwamba kadi ya jina hilo haipo, na mimi naiona kwa macho yangu nyuma pale, taa yake ya kijani inapepesa. Mwisho nilifanya anachofanya kila asiyejua la kufanya: niliizima nikaiwasha. Nkatha alikuwa ameipanga ile programu ianze yenyewe, basi kila kitu kikarudi kama hakikuwa kimetokea. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro. Muda wa daktari ulikuwa umekwisha.

Bosi wetu, Bwana Hassan, alipanda ngazi mbio. "Ni hiyo kitu ya Nkatha imelala?"

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja. Nilisema, "Mtandao umesumbua kidogo."

Maneno matatu, na kila moja ni kweli ukitaka kulitetea. Bwana Hassan aliyachukua alivyotaka. Ijumaa alitangaza kwamba Jumatatu tunarudi kwenye mpango wa zamani, na kwamba mkataba wa Nkatha atautazama upya. Wateja hawawezi kuwa watu wa kujaribiwa, alisema. Nkatha alishinda siku ile ameinamia skrini akisoma kumbukumbu za mashine, mstari kwa mstari. Nilimletea chai. Akasema asante Madam, bila kuinua macho. Nilijua wazi kwamba nikinyamaza hadi Jumatatu, Sista Darmi atarudi kwenye miraba ya rangi na Nkatha atarudi kwao Meru, na mimi nitamaliza miezi yangu iliyobaki nikiheshimiwa. Niliendelea kunyamaza. Hilo linanishinda kuelewa hata kuliko kerneli.

Jumamosi asubuhi, tukiwa wote watatu ofisini, tukasikia fimbo kwenye ngazi. Polepole, ngazi moja, kupumzika, ngazi nyingine. Akaingia mzee mrefu mkavu, kikoi kimejaa vumbi jekundu, mguu mmoja umefungwa bendeji hadi kifundoni.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mzee. Karibu."

"Naitwa Jarso. Natoka Korbesa." Aliketi bila kuambiwa. "Alhamisi nilikuwa mbele ya hiyo kioo ya Sista. Daktari ananiangalia mguu, anafungua mdomo aseme, anapotea. Sista anasema siwezi jua daktari alitaka kusema nini, labda alitaka kusema ni mbaya, panda lori. Nimepanda lori. Na ng'ombe. Jana jioni nimefika, leo daktari ameniona. Mnajua amesema nini?"

Aligonga fimbo sakafuni.

"Amesema, 'Mzee, Alhamisi nilitaka kukuambia mguu iko sawa, endelea hivyo hivyo.'" Alitutazama mmoja mmoja. "Sikuja kugombana. Nataka tu kuona hiyo kitu ilikata daktari mdomoni."

Bwana Hassan akaanza kumwomba radhi, akisema tulikuwa tumejaribu programu mpya na Jumatatu inaondolewa. Nkatha alitazama sakafu. Mimi nilimwongoza mzee kwenye kona, nikamwonyesha mashine ya kijivu. Aliizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani. Halafu akanyoosha mkono, akaugeuza, akaweka mgongo wake kwenye bati. Nani alimfundisha? Hakuna. Ndivyo anavyopima ndama.

"Hii iko na homa," akasema.

"Hapana, Abba," nikasema, nikimwita baba kwa lugha ya kwetu. "Haina homa. Hata mimi nilidhani hivyo. Hivyo ndivyo inavyokaa ikiwa nzima. Alhamisi niliigusa kama wewe, nikadhani inaliwa, nikaiua. Programu haikulala. Mimi ndiye niliyekukata."

Nilisema nikimwangalia yeye, maana Bwana Hassan na Nkatha sikuweza kuwaangalia. Machozi yalikuwa karibu, ya haya tupu. Chini dukani mtu alikuwa akibingirisha mtungi wa gesi.

"Wewe?" Mzee Jarso akauliza.

"Mimi."

Alifikiri. "Iko moto, na si mgonjwa."

"Ndiyo."

"Na inafanya kazi gani ikiwa moto hivi?"

"Inaangalia kama kuna mtu amekuja."

"Na kama hakuna?"

"Inaangalia tu."

Akatikisa kichwa pole pole. "Hata mimi ningeiua," akasema, akachukua fimbo yake.

Bwana Hassan alinipeleka pembeni na kuniambia aliyoniambia, na yalinistahili. Lakini Jumatatu ilipita na programu ikabaki mahali pake, na mkataba wa Nkatha haukutazamwa upya na mtu yeyote. Nilimfuata Nkatha nimwombe radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nilijua, Madam. Tangu Ijumaa. Ile amri uliandika imebaki kwa mashine, na jina lako."

"Na ungeacha ufukuzwe?"

Alivuta pumzi. "Ningesema aje? Niende kwa Bwana Hassan niseme mama ndiye ameharibu? Nilikuwa nangoja useme."

"Na kama nisingesema?"

Akarudi kwenye skrini yake. Nawaambia ninyi vijana wengine: msingoje hivyo. Mkubwa akikosea, mwambieni. Heshima ya namna ile ingempandisha kila mgonjwa wa Korbesa kwenye lori.

Wiki ile nilimwomba anifundishe upya, kuanzia mwanzo, nami nikarudia kila sentensi hadi akachoka. Alinitengenezea chombo kinachoiuliza programu yenyewe inaona nini, badala ya kuiuliza kerneli isiyoona kitu. Nikaandika karatasi kwa kalamu nene nikaibandika kwenye bati, ile mnayoiona hadi leo: NI MOTO. NDIVYO ILIVYO. MUULIZE NKATHA KABLA YA KUGUSA. Na bado sijaelewa. Naelewa kila kipande peke yake, lakini vikikaa pamoja navipoteza. Maisha yangu yote niliamini kwamba kazi nzuri ni kuitika ukiitwa na kupumzika usipoitwa, na hapo kwenye kona kuna mashine isiyoitwa, isiyopumzika, isiyojulikana hata na msimamizi wake, na ndiyo iliyofanya kazi iliyonishinda. Msiniulize imewezekanaje. Mkono wa Mutwiri ninao bado, hapa nyumbani napima nao friji, na friji haijalalamika.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Kabla ya keki, saa nne ikipita, Nkatha aliniita kwenye skrini. Daktari alikuwa amemaliza wagonjwa, na Sista Darmi aliomba kuniaga. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, hata kovu dogo la nyusi niliona. Alinishukuru. Kisha kamera ikashushwa, ukaja mguu mrefu mkavu, bila bendeji, ngozi imefunga, na vidole vitano vikinipungia. Sauti ya Mzee Jarso ikatokea mahali fulani juu yake, bila kukatika.

"Mama wa mashine! Bado iko na homa?"

Niligeuka, nikaweka mgongo wa mkono kwenye bati mara ya mwisho.

"Bado, Abba. Moto sana."

"Alhamdulillahi," akasema. "Msiipatie dawa."